Mmoja wa Marehemu

Jumatatu, 3 Machi

Naandika kwa penseli ya useremala, nyuma ya daftari la vipimo. Mwandiko wangu si mzuri. Hesabu ndiyo yangu! Miaka arobaini na mbili napima milango kwa kichwa, na hakuna mlango wangu uliogoma kufunga. Mmoja tu. Na ule, ukuta ndio uliopinda.

Leo binti yangu kaja karakana na daftari la mwanawe, mjukuu wangu Chiriku. Jedwali la tisa, limejaa wino mwekundu. Kasema Ijumaa kuna mtihani wa hesabu za kichwani, maswali kumi, yote ya tisa. Chiriku akianguka, kuanzia Jumatatu ijayo atakwenda kusoma kwa Miwani kila jioni.

Miwani! Mwalimu mstaafu, jirani yangu, ana darasa kibarazani kwake. Mtu asiyeweza kupigilia msumari bila kujipiga mwenyewe.

Jioni ni yangu na Chiriku. Akitoka shule anakaa juu ya rundo la mbao, anaongea bila kupumua, ndiyo maana nikampa jina la huyo ndege. Mimi naranda. Tangu bibi yake afariki, ni saa hiyo moja tu ambapo humu ndani kuna sauti zaidi ya randa. Siyo kwamba nitamkosa. Nasema tu.

Nimemwambia binti yangu aniachie mimi. Kanitazama vile anavyonitazamaga.

Jumanne, 4 Machi

Somo la kwanza. Nimempa siri ya vidole, niliyopewa na fundi wangu nilipokuwa kijana. Mikono miwili juu ya benchi, viganja chini. Tisa mara nne? Hesabu kutoka kushoto, kunja kidole cha nne. Vilivyobaki kushoto ni makumi: vitatu. Vya kulia ni mamoja: vitano. Halafu unatia mmoja wa marehemu. Thelathini na sita! Kashika mdomo kwa mshangao.

Marehemu ni kidole changu cha mwisho cha mkono wa kulia. Msumeno ulikwenda nacho kabla mama yake hajazaliwa. Sijawahi kumsahau kwenye hesabu. Tisa mara kumi ndiyo rahisi kuliko zote, maana cha kukunja kimeshajikunja.

Nimemwambia afuate mikono yangu kama ilivyo, asiongeze wala asipunguze. Basi hata kidole chake cha mwisho kakikunja kama changu! Mtoto ana heshima huyu. Yeye anasema thelathini na tano, mimi namalizia, na mmoja wa marehemu, thelathini na sita! Tumecheka mpaka maranda yakaruka.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwita Miwani kwenye uzio makusudi, wanafunzi wake wakisikia. Nikamwonyesha kumi na moja mara thelathini na nne. Tenganisha tatu na nne, zijumlishe, saba itie katikati. Mia tatu sabini na nne! Watoto wakapiga makofi.

Miwani kafuta miwani yake. Kauliza taratibu, je, kumi na moja mara sabini na nane, Mzee Fundi? Saba, nane, katikati kumi na tano. Nikajibu papo hapo: elfu saba, mia moja hamsini na nane!

Kasema ni mia nane hamsini na nane. Nikamwambia hiyo ni kwa watu wenye haraka. Watoto wakacheka. Sijui walikuwa wanamcheka nani. Yeye, bila shaka.

Alhamisi, 6 Machi

Mazoezi ya mwisho. Nimeuliza mara hamsini, tumepata mara hamsini. Yeye anaanza, mimi namaliza.

Binti yangu kasimama mlangoni, kauliza kwa nini jibu moja linahitaji watu wawili. Nimemjibu hata mbao ndefu hubebwa na watu wawili. Kageuka, kaenda zake. Nilimweza!

Ijumaa, 7 Machi

Mtihani leo. Nimeuranda mguu wa meza mpaka ukawa mfupi kuliko wenzake. Nikaifupisha ile mitatu. Sasa ni kigoda.

Chiriku kaja saa kumi. Hakuongea. Kaweka karatasi juu ya benchi, kakaa kwenye mbao zake.

Moja. Kwa kumi! Na hiyo moja ni tisa mara kumi.

Nimesema karatasi imesahihishwa na mtu kipofu. Nikaikagua mwenyewe. Tisa mara nne, thelathini na tano. Tisa mara saba, sitini na mbili. Kila jibu limepungua moja. Nikamuuliza, bibi wee, na ule mmoja je?

Kanijibu, “Babu, si huwa unautia wewe?”

Mimi!

Jumamosi, 8 Machi

Binti yangu hakupiga kelele. Ndiyo mbaya zaidi. Kasema tu, kesho kutwa Chiriku anaanza kwa Miwani, Baba, na usinune.

Sikununa. Nilifagia. Nimelitazama lile rundo la mbao. Fundi mwenye akili angeliuza, linachukua nafasi bure.

Niliutazama na mkono wangu wa kulia. Miaka yote hii nimemhesabu yule marehemu nikidhani wote wanamwona.

Jumapili, 9 Machi

Miwani kaja mwenyewe! Kakaa kwenye kigoda, magoti yakamfika kidevuni. Kasema Chiriku kamweleza habari za vidole, na ni njia safi, yeye hakuijua. Anaomba niwe naenda kibarazani kila jioni niwafundishe watoto wote kumi na wanne, Chiriku akiwemo. Nikamwambia nitafikiria. Nilimaliza kufikiria akiwa bado anavuta pumzi.

Lakini kaweka sharti. Kwanza niwaeleze watoto kwamba kidole kimoja sina, kila mtoto atumie vyake vyote kumi. Nikaitikia kwa kichwa, mradi aondoke na furaha yake.

Chiriku naye kasema hivyo hivyo. Kanikunjulia kidole chake kile, kakichezesha mbele ya pua yangu. “Babu, mimi ninacho! Waambie na wao wanavyo.” Kisha kaongea mpaka jua likazama. Karakana ikawa karakana tena.

Nimewaza sana. Kuwasimulia watoto habari za msumeno ni kuwatisha bure. Na Miwani aniambie mimi namna ya kufundisha? Njia ilikuwa sawa toka mwanzo. Kilichokosekana ni sauti, ule mmoja niliutaja polepole.

Kesho nitaweka mikono mezani mbele ya watoto wote kumi na wanne. Nitawaambia kitu kimoja tu. Nifuateni kama nilivyo. Msiongeze, msipunguze.