Mukono wa Carlos na Chumvi Yangu

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Kambale imemuchoma Carlos! Mwiba, mukono wa kuume, chini ya kidole kikubwa. Miezi mitatu ziwa ilifungwa na serikali, tulikula majani. Siku ya ine tu ya kuvua, mutoto wangu anarudia na mukono kama mukate! Mutoto: miaka makumi mbili na sita, ndevu, na analia mama, mama. Ile kambale nimeipika. Nimeikula na kasirani.

Thelma, jirani yangu Mubemba, akachungulia juu ya lupango ya matete. Eti, Bana Carlos, ni kusema mama Carlos, osha na maji ya kuchemsha na sabuni, kisha mupeleke kliniki. Nani alimuuliza? Nesi wa kliniki ni Jessy, binti yake! Nikienda pale, mbele ya saa sita Nchelenge muzima itajua kama sijui kuponya mutoto wangu. Hapana!

Albert, mwenye boti Carlos anavulia, amesema atangoja juma moja. Kisha ataweka mutu mwingine.

Jumanne, tarehe 5
Nimewaza. Tangu niko kisichana kule ngambo, Congo, naweka samaki chumvi. Hakuna hata moja iliyooza. Nyama ya mutu ndiyo itaoza? Nimetumbukiza mukono wa Carlos katika pipa ya maji ya chumvi, pamoja na samaki yenyewe. Amelia mpaka mbuzi ya Thelma imekimbia. Nikamwambia dawa yenye haiumi si dawa.

Jumatano, tarehe 6
Imevimba zaidi. Kosa nimeliona: chumvi ni nusu ya kazi, inabaki jua! Nimemukalisha Carlos kwenye kitanda ya kukausha samaki, mukono juu, katikati ya chisense, bale samaki badogo. Anajitingisha bure. Inzi! Nimefukuza na kitenge mpaka mabega imechoka.

Thelma akapita. Akauliza ile samaki kubwa ya vidole vitano nauzisha bei gani. Banamuke bote ba njia bakacheka. Nimemwambia achunge midomo yake. Nimeingia ndani, nimepiga sufuria teke. Sasa muguu wangu nao unauma.

Alhamisi, tarehe 7
Usaha. Na harufu. Nimeenda kwa Mwansa, mwenye kuuzisha dawa kwenye beseni sokoni. Ameapa hii kapsule ya rangi mbili inakausha kila kitu. Nimefungua tatu, nimemwaga unga ndani ya kidonda. Carlos hakulia. Hiyo ndiyo imenitisha.

Ijumaa, tarehe 8
Mustari mwekundu, kutoka kidonda mpaka kwenye kiwiko! Mwili moto. Anamwita baba yake, na baba yake alikufa.

Leo ni sikukuu ya banamuke. Nikawaza: Thelma na Jessy bote bako kwenye defile, ile maandamano. Nimemufunga Carlos kitenge kichwani mpaka kwenye ndevu, mutu asimujue. Tumefika. Nani iko zamu? Jessy! Akasema shikamoo mama, habari ya Carlos.

Akauliza niliweka nini. Nikasema hakuna kitu. Akatoa magamba ya samaki. Akatoa chisense muzima. Nikatazama dari. Akapasua, akatoa kipande cha mwiba. Kisha akaniambia polepole: mama, siku mbili tena, wangeukata huu mukono.

Nililia mbele ya batu bote. Sikujali.

Ameandika: kuosha asubuhi na mangaribi, maji ya kuchemsha yaliyopoa, sabuni, kitambaa safi. Kinini, vidonge vya kumeza siku kumi, vyote. Na kama hali inakuwa mubaya, turudie mbio.

Jumatatu, tarehe 11
Mustari umeisha. Homa hakuna. Carlos amekula ugali mara mbili na kulalamika juu ya mboga. Asante Mungu! Albert ameona karatasi ya Jessy, atangoja tena juma mbili. Nimemubariki.

Jumatatu, tarehe 18
Kidonda kimefunga. Anakamata nyavu!

Lakini kanisani jana, Thelma alisimama kushukuru Mungu kwa mukono wa Carlos, sawa vile yeye ndiye alimuzaa! Eti binti yake, binti yake. Nani alikesha? Nani alifukuza inzi? Mimi! Kazi yangu ya chumvi ilikuwa inaenda muzuri, Carlos tu hajui kukaa kimya kwenye jua. Na Jessy alikuja mwisho, kama mutu wa kupakua chakula.

Leo Ngosa, muteja wangu, ametoka kisiwa cha Kilwa humu ziwani kununua samaki kwangu. Anachechemea. Kisigino kimefura, chekundu. Nimefurahi, Mungu anisamehe. Nimemwambia avue kiatu, akae kule nyuma ya nyumba, karibu na pipa ya chumvi, Thelma asimuone.

Ameuliza kliniki iko mbali?

Nikasema mbali sana. Iko nyuma ya soko, lakini yeye ni mutu wa kisiwa, hajui njia.