Gari Linalokataa Kuharibika

Kwa Mhariri wa Ukurasa wa Magari,

Ndugu Mhariri,

YAH: UBOVU ULIOUAHIDI GAZETINI NA AMBAO HADI LEO SIJAUPATA

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, na gari lako likiwa juu ya mawe, maana hayo ndiyo unayotuombea sisi wasomaji kila Jumamosi.

Mimi ni karani wa masjala. Kazi yangu ni kupokea barua, kuzipa namba na kuzitia kwenye faili ambalo hakuna atakayelifungua tena. Sina mazoea ya kuandika barua, nina mazoea ya kuzizika. Ukiona nimeshika kalamu, ujue maji yamezidi unga.

Miezi kumi na minne iliyopita uliandika makala kuhusu yale magari madogo yenye miguu mirefu, ambayo si ya mjini wala si ya shamba, yanayouzwa yakiwa yameshatumika na watu wengine. Moja ulilitaja kwa aina na mwaka wake. Ulisema hivi, nanukuu kutoka kwenye kipande nilichokikata na kukitoboa matundu mawili: "Giaboksi haitavuka mwaka. Pampu ya mafuta hufa bila kuaga. Anayelinunua ajiandae kutembea kwa miguu." Nilisoma mara tatu, nikatabasamu, na kesho yake nikaenda kulinunua.

Nilikuamini, Ndugu Mhariri. Sasa nipe sikio nikueleze ulichonifanyia.

1. Gari linawaka.

Linawaka asubuhi, linawaka mchana, linawaka limenyeshewa usiku kucha. Siku moja niliacha taa zake zimewashwa tangu naingia kazini hadi natoka, kwa makusudi, nikijua betri itakuwa imekufa. Liliwaka kwa mpigo mmoja. Nilipougua homa halikuguswa wiki mbili na nusu, hata paka wa jirani akazalia chini yake. Siku nilipopona nikageuza ufunguo, likanguruma, paka akahamisha wanawe mmoja mmoja kwa hasira, na mimi nikabaki nimeshika kichwa. Ile taa ndogo ya injini uliyosema ingewaka mpaka tuizoee, mimi sijui hata rangi yake.

Nilimrudia aliyeniuzia, mwalimu mstaafu wa hesabu, nikamtaka aseme ukweli kama kuna ubovu alionificha. Aliapa kwamba hakuficha kitu. Fikiria. Katika nchi nzima kuna mtu mmoja tu aliyewahi kuuza gari kuukuu bila kudanganya, na ndiye niliyeangukia mimi.

2. Watu wamejua kwamba linawaka.

Gari la idara yetu huu ni mwaka wa tatu liko juu ya mawe nyuma ya stoo. Faili lake ninalo mimi, limefika juzuu ya nne, na ndilo kitu pekee cha gari hilo kinachosonga mbele. Basi mkuu wa idara ameona kwamba kama faili ni langu, gari langu nalo ni la idara. Hukaa mbele, husukuma kiti nyuma mpaka magoti ya mhasibu yafike kidevuni, kisha hutuhutubia kuhusu kubana matumizi.

Mama mkwe wangu ana kliniki, ana vikao, ana misiba, na ana mashoga watatu ambao hawawezi kuachwa. Shemeji yangu amehama nyumba mara mbili mwaka huu, na mara ya pili alirudi kule kule alikotoka, na kabati lile lile, ambalo mlango wake mmoja uko kwangu mpaka leo. Mshona nguo wa mtaani kwetu alishikwa na uchungu siku ya mvua. Tulifika hospitali zikiwa zimebaki dakika nne, na mtoto akapewa jina la aina ya gari. Sasa kila ninapopita naitwa Baba Mdogo na ninatakiwa kutoa maoni kuhusu meno yake.

Watoto wangu wamelibatiza gari hilo Punda. Husemwa punda afe, mzigo ufike. Kwa huyu wangu mzigo unafika kila siku, ila kufa ndiko hataki.

3. Nimejitahidi kulisaidia life.

Usidhani nilikaa tu nimekunja mikono. Niliichukua makala yako na kuifuata kinyume, mstari kwa mstari. Uliandika tusiendeshe gari mafuta yakiwa karibu kwisha, pampu itaungua. Nimeendesha miezi minane sindano ikiwa imelala chini kabisa. Uliandika tuogope mashimo. Njia ya sokoni ina mashimo kumi na saba na hakuna hata moja nililolikosea heshima kwa kulikwepa.

Mwishowe nikalipeleka gereji. Fundi wetu anaitwa Sikio, kwa sababu huweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, akafumba macho, akasikiliza. Nilimwomba kwa adabu zote aniharibie kidogo tu, sehemu yoyote atakayoona inafaa. Alinikasirikia. Alisema ameharibu magari mengi katika maisha yake, lakini yote alikuwa anayatengeneza. Kuharibu kwa makusudi hakusomea. Kisha akasikiliza, akafungua macho, akaniambia: "Bosi, injini yako imelala usingizi wa mtoto mchanga. Asiye na usingizi ni wewe."

4. Hapa ndipo penyewe, na nakuomba usiruke mstari.

Utajiuliza ni mtu gani mwenye akili zake anayetafuta gari bovu. Ni mtu mwenye baba. Baba yangu anaishi na dada yangu mkubwa, mwendo wa saa tatu kutoka hapa, na sijafika kwake miaka minane. Mwanzoni nilikuwa nasema nimenyimwa likizo. Ikaja siku dada akapiga simu ofisini, mkuu wa idara akampa habari njema kwamba nina siku tisini za likizo zilizolala.

Nikatafakari kama karani. Mtu asiye na gari hana udhuru, mabasi yapo kutwa. Mwenye gari zima hana udhuru pia. Lakini mwenye gari bovu! Huyo watu humpa pole. Hakuna anayemwambia apande basi, kwa kuwa ana gari. Na hakuna anayemwambia aje na gari, kwa kuwa ni bovu. Hicho ndicho nilichonunua kwa yule mwalimu. Chuma na matairi vilikuja tu pamoja nacho.

Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nilitaka kuirefusha kwa utunzaji mzuri wa kumbukumbu. Nikafungua faili. Folio ya kwanza, betri. Ya pili, rejeta. Ya nne, mkanda wa feni. Nilichosahau ni kwamba baba alikuwa dereva wa ofisi ya serikali miaka thelathini na mmoja. Nikimwambia dada gari linatoa moshi, baba anataka kujua ni moshi wa rangi gani. Nikisema mweupe, anauliza una harufu gani. Mwezi wa pili niliona uvivu kufungua faili, nikaiua giaboksi mara mbili. Ujumbe wake ulinifikia jioni ile ile, dada akisoma neno kwa neno: "Mwambie gari linalovunja giaboksi mbili kwa mwezi haliumwi. Anayeumwa ni mwenye gari."

Laiti angeishia kunisuta. Alianza kuleta vipuri. Kila uongo niliotuma, kifurushi kilirudi kwa basi mpaka mapokezi ya ofisi yetu. Mkanda wa feni. Plagi nne. Gasketi. Mwezi wa tatu nilipoiua pampu ya mafuta, ilikuja pampu ya mafuta, ya gari hili hili, imefungwa kwenye fulana yake kuukuu, na karatasi yenye yale maandishi yake makubwa: "Usikaze kwa nguvu. Kaza kwa vidole." Vyote viko kwenye boksi chini ya meza yangu. Miguu yangu hukaa juu yake kutwa. Nimejaribu kulitupa boksi hilo mara mbili, na mara zote mbili nimelirudisha.

Utauliza baba amenikosea nini. Hajanikosea kitu. Siku yangu ya kwanza kazini alinileta mwenyewe, kwa gari la ofisi yao, amelipiga brashi tangu alfajiri, na tulipofika akazunguka kunifungulia mlango kama anavyowafungulia wakubwa. Alikuwa na furaha kuliko mimi. Mkuu wa idara alikuwa amesimama barazani, akaniuliza yule mzee ni nani. Nilikuwa na suruali mpya na akili ya suruali mpya. Nikasema, "Dereva tu."

Kioo kilikuwa wazi. Baba alinitazama, akakipandisha taratibu, akarudisha gari nyuma kwa ustadi wake ule ule, akaondoka. Hajawahi kulitaja neno hilo. Angelitaja, ningepata pa kuombea radhi. Kwa kuwa hakulitaja, naona aibu mpaka leo.

5. Muda umekwisha.

Dada amepiga simu tena. Baba ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na hospitali ya macho iko huku mjini kwangu. Ameandikiwa kupasuliwa la kwanza Alhamisi ijayo. Mtu aliyewahi kupitisha lori katikati ya nguzo mbili bila kukunja kioo, sasa anapapasa lango la nyumba yake mwenyewe. Basi hataki. Amesema ataletwa na mimi au haendi, na kama gari langu bado ni bovu atasubiri litengemae. Dada akaongeza la kwake, kwamba macho hayasubiri gari.

Unaona ulivyonifikisha? Gari lingekuwa bovu kama ulivyoahidi, dada angetafuta njia nyingine na mimi ningepewa pole. Sasa limesimama hapo nje, zima, linanitazama.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima na taadhima, moja kati ya haya. Umtume mtaalamu wako kabla ya Alhamisi aje aliue mwenyewe, nami nitamshikia tochi. Ikishindikana, uniandikie cheti chenye mhuri kwamba gari hili ni bovu hata kama linatembea. Serikalini vyeti vya namna hiyo vipo, ila vyetu husema zima kwa gari lisilotembea. Ikishindikana hilo nalo, uchape masahihisho ukurasa wa mbele, ukiri kwamba gari halina kosa lolote, ili wengine wenye nia kama yangu wanunue lingine.

Nikitumaini kwamba utalishughulikia suala hili upesi kuliko sisi tunavyoshughulikia ya kwetu, naishia hapa. Nisalimie wote hapo chumba cha habari, msahihishaji, mpika chai, na hasa yule anayechora magari yanayotoa moshi, mwambie anachora vizuri. Mke wangu anakusalimu, ingawa hajui habari za barua hii. Mama mkwe naye anakusalimu kutoka kiti cha nyuma, akiwa na mashoga zake.

Wako katika kuusubiri ubovu,

Karani wa Masjala

Tanbihi: Barua hii naomba usiichape. Ningeichana, lakini nilikuwa nimeshaipa namba, na barua yenye namba haichanwi.

Jana Jumatano mchana gari lilikataa kuwaka. Uwanjani mwa ofisi, jua kali, mafuta yako chini kama kawaida yangu. Nilipaswa kupiga vigelegele. Badala yake nilijikuta nimeinamia usukani nalibembeleza, Punda tafadhali, leo hapana, na wewe Mhariri nikakutukana matusi ambayo sitayaandika. Sikio alikuja, akainua kiti cha nyuma, akasema pampu ya mafuta imekufa na mjini hakuna mpaka Jumatatu. Nilipanda ngazi mbili mbili mpaka masjala, nikashuka na lile boksi la chini ya meza. Sikio aliisoma ile karatasi ya baba, akaweka spana chini, akakaza kwa vidole. Liliwaka kwa mpigo mmoja.

Niliondoka usiku wa manane, na leo alfajiri nilimkuta baba amesimama langoni kwake, shati limepigwa pasi. Alilipapasa gari kutoka taa ya mbele hadi mlangoni, akaingia, akafunga mkanda. Nilipoanza kusema habari ya siku ile, aliniambia nitazame barabara. Baada ya mwendo mrefu akasema pampu imekaa vizuri, ila mimi nachelewa kubadili gia.

Nakuandikia haya nikiwa kwenye benchi la hospitali. Walipokuwa wanamwandikisha, muuguzi alimuuliza huyu aliyekuja naye ni nani. Baba alinishika mkono, akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka dirisha la dawa: "Dereva tu." Akacheka sana, mpaka muuguzi akamwambia atulie apimwe. Mimi fomu niliyokuwa naijaza sikuiona tena.

Jicho la pili ni mwezi ujao. Kama unajua duka lenye pampu za gari hili, nitajie haraka, nataka niwe na ya akiba.