Kwacha, Sogea

Redio ya Kabula muuza kahawa ndiyo iliyoleta maneno. Ilisema siku hizi kuna wataalamu wanaotibu migongo kwa mikono mitupu, bila kidonge wala sindano, na kijiwe kizima kikamgeukia Mayala. Dereva huyo, wanayemwita Semitrela, alikuwa amejikunja mwishoni mwa benchi kama msumari uliogongwa vibaya. Mgongo ulikuwa umembana tangu alfajiri, na bosi wake alishatamka: foleni ya mpakani ikisogea na yeye hajapanda lori, usukani anapewa Jonasi, dereva wa akiba.

"Fiksi hizo," alisema Yesaya fundi magari, maarufu kama Spana. "Eti ukikandwa unapona. Mke wangu anakanda chapati kila Jumapili, sijaona hata moja ikipata nafuu."

"Huyu karogwa Zambia," alisema Anyosisye, mbadilisha fedha wanayemwita Kwacha, mwenye mwili wa kutosha watu wawili na chenji ikabaki. "Kavuka na kitu kisicholipiwa ushuru."

"Karogwa wapi? Chesisi imepinda. Nileteeni jeki nimnyanyue upande mmoja," Spana alidakia.

Mayala alicheka, mgongo ukamchoma, akaacha. Jeki haikumtisha. Kilichomtisha ni Jonasi, mtu asiyejua hata kurudi nyuma bila kugonga kibanda cha mama ntilie.

"Kelele zenu tu," alisema Kabula. "Mtaalamu mwenyewe huyo hapo anamalizia kahawa yangu."

Kumbe dada aliyesimama kando na kikombe, Brenda, kazi yake ndiyo hiyohiyo iliyotajwa redioni, ya kutibu migongo kwa mikono.

"Mwaiseni, dokta," Kwacha alimkaribisha kwa Kibemba chake cha biashara. "Mgonjwa tunaye, amepoa kabisa."

Brenda alimsimamisha Mayala, akamtazama mabega, akampima nyonga kwa viganja, akamwambia ainame taratibu.

"Miguu inakufa ganzi, kaka? Haja ndogo unaipata vizuri?"

"Hayo sasa ni ya kifamilia," alisema Spana.

"Vyote vizima, dada," Mayala alijibu, macho yakiwa kwenye foleni.

Kabula alitandika mkeka. Brenda alimlaza chali, akamkunja goti. "Nisukume kwa goti, mimi nazuia. Pumua. Legeza." Wakarudia. Akamgeuza, akabonyeza misuli ya kiunoni hadi Mayala akamtaja bibi yake wa Shinyanga. Alipoinuka, aliinuka mzima mzima. Alifurahi, akataka kumkumbatia mtu, akaona aliye karibu ni Spana na ovaroli yake ya grisi, akaghairi.

"Nyonga ya kushoto ilikuwa imekaza," alisema Brenda. "Huwa unakaaje?"

"Kama ulivyonikuta."

Brenda aliliangalia benchi. "Ulikuwa umekaa tako moja. La pili lilikuwa hewani."

Wote wakamgeukia Kwacha. Ukweli huo kila mtu aliujua. Benchi lile lilichongwa enzi Kwacha akiwa mwembamba. Yeye akanenepa, na kwa kuwa pale kijiweni nafasi ya mtu haiguswi, Mayala akaendelea kusukumwa pembeni, wala hakusema, kwa heshima tu.

"Mwambieni ndugu yenu asogee, la sivyo mgongo utarudi."

"Nisogee niende wapi?" Kwacha aliuliza. "Huku kuna Spana."

"Mimi niko hapa tangu mtaa wetu huu wa Igamba haujapata umeme," alisema Spana.

"Basi mbadilishane nafasi."

"Dokta, wewe umekuja kutibu mgongo au kuvunja ukoo?"

Honi zikalia. Foleni ilikuwa imesogea. Jonasi alikuwa tayari ameshika mpini wa mlango wa lori, lakini Mayala alimwahi, akapanda kwa mruko mmoja, akawasha. Alipopita kijiweni alipiga honi ndefu ya ushindi, nao wakampungia.

Karibu na geti la forodha, kiuno kikaanza tena kunong'ona. Mayala akajitazama. Kabini nzima ilikuwa yake, na bado alikuwa amejibana mlangoni, kalio moja nje ya kiti.

Alikitazama kwa hasira kiti kitupu cha pembeni yake.

"Kwacha," alisema, "sogea."