Pingamizi Dhidi ya Kamera Inayoona Kila Mtu

Chumba cha juu, mkono wa kulia baada ya ngazi,
Nyumba hii hii.
Jumatano, baada ya chai ya asubuhi.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Familia,
Chumba cha chini.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ambaye pia ni binti yangu wa kwanza,

YAH: AZIMIO LA KUNIBADILISHIA KAMERA

Nimeipata barua ya Kamati iliyosukumwa chini ya mlango wangu. Naijibu kwa maandishi kwa sababu tukizungumza mezani huwa unanikatiza kwa kuniongezea chakula, nami nikisha kutafuna hoja imepita.

Kwa faida ya wajumbe wasiosoma kumbukumbu za vikao, nianze na yale tusiyobishania. Jumamosi hii, saa nne asubuhi, dada yangu anashuka kwenye treni. Sijamwona kwa miaka thelathini na minane, tangu tulipokimbia kwetu, kila mmoja kwa njia yake. Ana miaka themanini na mmoja, na amekwisha kusema kwenye simu kwamba safari hii haina ya pili. Kwa hiyo itapigwa picha moja ya ukoo mzima, palepale kituoni, na mpigaji ni mimi. Hadi hapo sote ni kitu kimoja.

Tunapoachana ni pale Kamati ilipoazimia, kwa kura tano dhidi ya moja, kwamba picha hiyo isipigwe kwa kamera yangu ya miaka kumi na minne. (Hiyo kura moja ni yangu. Mama yako alikataa kupiga, akasema, "Mimi simo, ila vikombe virudi jikoni.") Mnataka nitumie toleo jipya la kamera ileile: umbo lilelile la kizamani, tundu la kuchungulia lilelile pembeni badala ya katikati, ila ndani yake kila kitu kimegeuzwa. Mkwe wetu fundi bomba amekwisha kuichukua dukani kwa majaribio, na hivi sasa imo kabatini juu ya mashuka. Mmenipa hadi Ijumaa niamue. Nimeamua. Sitaki, na sababu zangu ni hizi.

1. Inasemekana kamera yangu ni mbovu. Mimi nilisoma prufu kiwandani kwa wapiga chapa, kusaka makosa kabla kitabu hakijachapwa, miaka ishirini na sita. Tofauti ya kosa na mtindo naijua. Kifuniko cha betri kinashikiliwa na plasta, plasta hubadilishwa kila mwezi, na wapo wagonjwa hospitalini wasiopata huduma hiyo. Skrini ya nyuma ilikufa mwaka wa tatu, kamera ilipoanguka kutoka juu ya friji. Tangu siku hiyo hakuna mtu nyumbani humu aliyewahi kuninyang'anya kamera na kusema, "Hebu nione, aa, futa hiyo, nimetoka vibaya." Waliotoka vibaya wametulia na ubaya wao. Mama yako amefumba macho katika picha mia mbili na kumi, na katika zote ana amani ambayo sijawahi kuiona akiwa ameyafumbua.

2. Inasemekana inachelewa kuamka. Ni kweli. Sekunde kumi na moja. Nimezipima kwa saa ya ukutani. Naomba Kamati inijibu: ni wapi tena ambapo watu tisa wa familia hii husimama pamoja, wamenyamaza, wakitazama upande mmoja, kwa sekunde kumi na moja? Mwaka juzi wewe na mdogo wako hamkuwa mnasemezana kwa ajili ya mashine ya kufulia. Mlisimama mbele yangu mmejikaza tabasamu, mnasubiri kamera iamke. Sekunde ya sita mashavu yakaanza kutetemeka, ya nane mdogo wako akasema, "Baba, meno yamenikauka," ya kumi mkawa mmeshikana kwa kicheko. Toleo jipya linaamka kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe. Lingewapiga mkiwa bado mmenuna, na hadi leo mngekuwa mnafua kwa zamu.

3. Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, ambalo Kamati imelipitia kwa mbio kana kwamba halimo kwenye ajenda. Kushoto.

Wajumbe wanajua, lakini iandikwe. Tundu ninalochungulia liko kushoto kwa lenzi, umbali wa vidole vinne hivi. Nikisimama karibu na watu, ninachokiona mimi sicho inachokiona lenzi. Aliye mwisho kabisa kushoto namwona mzima, kwenye picha anatoka nusu, au hatoki. (Ni kushoto kwangu mimi mpigaji. Mjumbe aliyelalamika kwamba kwake yeye ni kulia alikwisha kujibiwa.) Toleo jipya linaonyesha ndani ya tundu kile hasa kitakachotoka. Hakatwi mtu.

Mheshimiwa, juu ya vidole hivyo vinne tumejenga mahakama. Nyumba nyingine watu hupiga kelele, hubamiza milango, huhama. Sisi aliyekosa husimama kushoto, basi. Mjukuu aliyeficha ripoti ya shule nyuma ya tangi la maji: kushoto, akatoka pua na goti. Wewe mwenyewe uliposahau siku ya kuzaliwa ya mama yako: kushoto, bega moja. Hukukata rufaa. Wajukuu sasa hawaulizi tena, "Babu, tunapiga picha ya nini?" Wanauliza, "Leo nani yuko kushoto?" na kila mmoja anachunguza moyo wake. Siku mdogo wako alipohitimu, watu saba walikuwa na dhamira mbaya kwa wakati mmoja, wakasukumana kulia hadi picha ikatoka kama watu walio kwenye benchi lililovunjika mguu. Sheria ngapi nchini zinaheshimiwa namna hiyo?

Kamati pia haikuuliza ni nani aliyeleta hoja ya kubadilisha kamera. Ni fundi bomba. Ni yeye aliyekuja kujitambulisha kwetu kama mchumba, akatuonyesha jinsi ya kukaza koki ya jikoni, tukala chakula cha mchana miguu ikiwa juu ya viti kwa sababu ya maji. Alihukumiwa miaka miwili kushoto na akaitumikia yote, pamoja na siku ya harusi yake. Mama yake alipokuja kutazama albamu alifunua kurasa zote, akarudi mwanzo, akauliza, "Jamani, lile sikio jingine la mwanangu mmelipeleka wapi?" Namheshimu mkwe wangu, lakini mfungwa hapewi kazi ya kubomoa jela.

Wala msiseme jambo hili nililizua uzeeni. Ile picha pekee niliyotoka nayo kwetu, mnayoiita Picha ya Mkono, marehemu bibi yako ameketi kwenye kiti na begani kwake pana mkono usio na mwenyewe, ilipigwa na kamera yenye tundu la namna hiihii. Kila mkiniuliza ni mkono wa nani nimekuwa nikijibu kwamba kamera za wakati ule ndivyo zilivyokuwa.

4. Msije mkasema nimekataa bila kujaribu. Jumatatu, nyumba ilipokuwa tupu, niliitoa kabatini. Sifa yake kubwa, kwa mujibu wa kijitabu, ni kwamba inatambua nyuso za watu na kuziwekea kiboksi cha kijani. Ilitambua swichi ya ukutani. Ilitambua birika. Ilisita kidogo mbele ya pasi, ikaitambua nayo. Nilipojielekeza kwenye kioo cha kabati haikuweka kiboksi chochote. Fundi bomba, aliyenikuta hapo kwa sababu nyumba haikuwa tupu kama nilivyodhani, akasema, "Baba, labda usogee kwenye mwanga." Mimi, Mheshimiwa, nina miaka sabini na sita nimo kwenye mwanga. Sikubali familia yangu ihesabiwe na chombo kinachonipita mimi na kusalimiana na birika.

5. La mwisho ndilo linaloninyima raha. Azimio lenu limeorodhesha makosa ya kamera yangu kama ifuatavyo: ni ya zamani, inachelewa kuamka, haioni vizuri kwa karibu, na inaacha watu nje. Niliisoma orodha hiyo mara tatu na kila mara niliangalia juu kuhakikisha ni kamera inayozungumziwa. Kama hizo ndizo sababu za kubadilishwa, basi tusimung'unye maneno. Naomba kikao kijacho kizingatie kuagiza mzee mpya, mwenye umbo lilelile, anayeamka papo hapo na kutambua nyuso. Mimi mnaweza kuniweka kabatini juu ya mashuka. Naomba tu shuka la juu liwe lile la pamba.

Kwa sababu hizo naiomba Kamati: ifute azimio, iipe kamera ya zamani kiti cha kudumu na kura moja, ili mara nyingine tushindwe kwa tano dhidi ya mbili, na imrejeshe fundi bomba kushoto kwa muda wa miezi sita, kwa kosa la kumkuta baba mkwe mbele ya kioo na kutoa ushauri.

Natanguliza shukrani kwa muda mtakaonipa kabla ya kunikatalia. Mnisalimie wajukuu wote, aliyeficha ripoti kwanza. Msalimie mdogo wako, na mashine yake ya kufulia. Msalimie mama yako, ambaye yuko hapa chumbani ananiuliza naandika nini tangu asubuhi. Mwambie ni barua ya kiserikali. Msalimieni hata fundi bomba, kwa sikio atakalochagua.

Ni mimi, kwa heshima zote zinazomstahili mwenyekiti na kwa zile nyingine zinazomstahili mtoto,

Baba yako,
Mpigapicha wa ukoo.

Baada ya sahihi: Nilikwisha kuteremka na barua hii hadi ngazi ya tatu, nikarudi nayo. Mimi husahihisha makosa ya wengine, na humu nimeacha moja langu.

Ule mkono ni wa shangazi yako. Asubuhi ile hatukuwa tunasemezana, kwa ajili ya kamusi yangu aliyoiazima bila kuniuliza. Kamera niliijua vizuri. Nilijua tundu linakata wapi. Nilimwambia, "Dada, sogea kushoto kidogo," naye akasogea, akamshika mama begani. Nilidhani Jumapili inayofuata nitapiga nyingine. Jumapili ilipofika hatukuwa na nyumba ya kupigia, wala yeye sikujua yuko wapi.

Kwa hiyo leteni ile mpya. Ijazwe chaji Ijumaa, iwashwe kabla treni haijasimama, na birika libaki nyumbani. Fundi bomba asimame anapopenda.

Ila shangazi yako msimwelekeze pa kukaa. Namjua. Atakwenda kushoto mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, aone nitafanya nini.