Posa Isiyo na Jina

Jumapili, 4 Mei

Leo nimeulizwa swali ambalo mwanamume huulizwa mara moja tu maishani. Nimelijibu kwa habari za hali ya hewa.

Ilikuwa hivi. Baada ya ibada Atuganile alinisubiri mlangoni. Tumeimba kwaya moja miaka mitatu, yeye sauti ya kwanza, mimi besi, na mimi ndiye ninayewanakilia wanakwaya wote maneno ya nyimbo kwa mkono. Akasema kuna karakana Cape Town, wanashona magauni ya harusi, wamempa kazi. Basi la kwenda huko ni Jumamosi saa tano asubuhi. Kisha akanitazama, akauliza kama mimi naona kuna sababu yoyote ya yeye kubaki Durban.

Sababu! Nilikuwa nayo. Ilikuwa imeshafika kooni. Nikafungua mdomo, nikasema nasikia Cape Town ina upepo mkali.

Akasema atanunua koti.

Nampenda Atuganile. Haya, nimeandika. Daftari hili halina mdomo. Lakini kumwambia yeye mwenyewe ni hatari kubwa, na mimi si mtu wa kukurupuka. Akinikataa, kwaheri ndizi za nyama za Jumapili kwa shangazi yake, Mama Benedicta, kule Pinetown. Kwaheri kusimama nyuma yake kwenye kwaya. Kwaheri ule mwendo wetu wa kushuka mpaka stendi ya taxi, yeye akizitazama nguo zilizoanikwa njiani na kunionyesha ipi imeshonwa vibaya. Nikinyamaza nitavikosa vyote hivyo Jumamosi, ila bila aibu. Jambo hili linahitaji akili.

Jumatatu, 5 Mei

Mpango wa kwanza: kuoteshwa. Marehemu bibi yangu wa Tukuyu alikuwa akisema jambo zito usiliamue hapo hapo, lilalie kwanza. Na Mungu si Athumani, kanipa kazi kwenye kiwanda cha magodoro, Jacobs. Nakagua mishono. Nani mwingine Durban nzima ana magodoro mia mbili ya kulalia jambo lake?

Saa sita, wenzangu wakila, nikachagua godoro nene la karibu na dirisha. Jua limeingia. Nikalala, nikaota. Atuganile amekaa ufukweni na cherehani yake, anaipinda bahari ukingoni. Maji yanapita polepole chini ya sindano, ya buluu, yanatoka upande wa pili yakiwa na pindo jeupe lililonyooka. Mimi nimeshika pini. Akaniuliza apinde mpaka wapi. Nikamwambia asubiri kidogo nipime. Nikawa napima, napima, na bahari inazidi kuja.

Nikaamshwa na Niyongabo, msimamizi wetu, Mrundi mpole ambaye hapigi kelele hata kiwanda kikiungua. "Eish, Ezekieli. Kwako iko kitanda kweli?" Nikamwambia nilikuwa nakagua. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaenda.

Ndoto ilikuwa nzuri sana, nimetembea nayo mchana kutwa. Tatizo ni kwamba haikujibu swali.

Jumanne, 6 Mei

Nimemtafuta mtaalamu. Kiprono, Mkenya, ndiye ninayeishi naye hapa Umbilo, na anasomea takwimu kwenye chuo kikuu, shahada ile ya mwisho kabisa. Sikumwambia ni mimi. Nikasema kuna rafiki yangu. Akauliza huyo rafiki anaimba besi au tena. Sikulipenda swali lile.

Hata hivyo akachora jedwali. Safu moja "asema", nyingine "anyamaza". Akasema kwenye safu ya kunyamaza, geuza uwezavyo, jibu ni lile lile: basi linaondoka. "Sasa huyo beshte yako anaogopa nini? Hii si hatari, hii ni uoga tu. Aende aongee." Kusoma kwingi kote kule! Halafu ugali wake haujaiva kati tangu nimjue.

Lakini jedwali limenifumbua macho. Hatari yenyewe imekaa wapi? Kwenye jina! Ondoa jina, posa ikakataliwa, nani amekataliwa? Hakuna mtu!

Kwetu mwoaji haendi mwenyewe. Barua ya posa inafungwa kwenye leso nyeupe, inapelekwa na mshenga, wala haijibiwi siku hiyo hiyo. Mwoaji anakaa mbali kabisa anasubiri. Wazee walikuwa na akili. Mimi nimewaongezea hatua moja tu.

Nimeandika barua nzuri sana. "Kijana wetu ameliona ua bustanini mwenu, naye anaomba ruhusa ya kulitunza." Kijana gani? Wetu! Yatosha.

Jumatano, 7 Mei

Mzee Yeremia amekubali kuwa mshenga. Ni mshona viatu na mzee wa kanisa letu, na anaupenda ushenga kwa sababu mshenga lazima alishwe. Akaifunga barua kwenye leso, kisha akauliza jina la mwoaji. Nikasema litafuata. Akavua miwani. Akasema miaka thelathini ameposea vijana wa kila namna, lakini hewa hajawahi kuiposea. Nikamwambia ndiyo mtindo wa siku hizi.

Akauliza, wakimbana aseme nini. Nikamwambia aseme ni kijana wa kanisani, mpole, anakaa Umbilo kwenye nyumba yenye geti la kijani. Kweli tupu, hakuna uongo hata kidogo.

Jioni nilikaa barazani, mawingu yanapita kuelekea Pinetown. Nilijiona nimekaa na Atuganile hapa hapa, tumezeeka, anazisuta nguo za majirani. Alikuwa na mvi mbili tu. Nimefurahi sana leo.

Alhamisi, 8 Mei

Posa imekubaliwa! Wamemkubali Kiprono.

Mzee Yeremia amenisimulia leo dukani kwake. Alianza na kuku, kipande kwa kipande, kabla ya kufika kwenye habari yangu. Basi Mama Benedicta alifungua leso, akasikia geti la kijani, akapiga kigelegele. Akasema alijua siku nyingi! Ni yule msomi wa Kikenya anayemsaidia kupanga viti kanisani, mtu na heshima zake. Mzee akabaki na mfupa mkononi. Kumkana hawezi, kunitaja nimemkataza. Akasema aliona bora aongeze wali.

Nikamwuliza Mzee, je, Atuganile alisemaje? Akasema binti aliisoma barua mara mbili, hakucheka wala hakununa, akauliza tu ni nani aliyeiandika. Mzee akasema ni kijana. Binti akaikunja, akasema atajibu mwenyewe.

Jioni kaja mpangaji wa Mama Benedicta na hotipoti. Ya Kiprono! Ndizi za nyama, zile zile ambazo mimi hupewa Jumapili nikivumilia mahubiri mpaka mwisho. Kiprono akafunua, akasema huyu mama ana roho safi sana. Akala bila wasiwasi, mkwe mzima, naye hajui. Akanikaribisha. Nikakataa kwa heshima zangu.

Kisha nikala. Zilikuwa tamu, na nilisikia vibaya kwa kila tonge.

Ijumaa, 9 Mei

Nimeota tena kiwandani. Magodoro yote yameelea juu ya mapaa ya Jacobs, taratibu, moshi wa viwanda unapita chini yake. Mimi nina langu, Atuganile ana lake. Kati yetu nafasi ya kiganja. Akaninyooshea mkono. Nikamwambia upepo ukitulia nitaruka. Hapakuwa na upepo.

Nilipofumbua macho Niyongabo amesimama na barua ya onyo. Kulala kazini, mara tatu. (Mara ya tatu ni ya mwezi wa pili, sitaki kuieleza.) Akaniomba radhi kwa kunipa, mtu yule ana adabu. Nikaiweka juu ya godoro, nikatia sahihi kwa kalamu, jina lote, sikufikiri hata kidogo.

Halafu saa tisa Mzee Yeremia akanisubiri kwenye geti la kiwanda. Kaleta leso. Ndani yake barua yangu mwenyewe, na chini yake mwandiko wa Atuganile:

"Mwandiko huu naujua. Nimeimba nikiusoma miaka mitatu. Nimekubali. Jina la mwoaji lijazwe hapa, aje nayo mwenyewe stendi kesho kabla ya saa tano. Nikiliona jina, nashusha mizigo."

Kisha mstari wa nukta, nukta, nukta.

Nimekubaliwa! Mimi! Nilimkumbatia Mzee Yeremia mpaka miwani ikaanguka. Nimerudi Umbilo kwa miguu, mwendo mrefu, sikuuhisi. Kila nguo iliyoanikwa niliiona imeshonwa vizuri. Kiprono aliponiona akauliza kama rafiki yangu amefanikiwa.

Sasa nimekaa mbele ya mstari ule. Una nukta ishirini na sita, nimezihesabu.

Jumamosi, 10 Mei

Nimelijaza! Liandikwe hilo kwanza. Ezekieli Mwakalinga, kila herufi mahali pake.

Saa nne na nusu nilikuwa stendi, shati jeupe, leso mfukoni. Kiprono alikuja kusaidia mizigo. Mama Benedicta akamshika mikono yote miwili, akamwuliza wazazi wake wanakuja lini. Maskini akajibu Desemba, kwa ajili ya mahafali. Mama Benedicta akafuta machozi. Mzee Yeremia akatazama viatu vya watu.

Atuganile alikuwa amesimama kando ya mlango wa basi na koti jipya mkononi. Begi lake lilikuwa chini, bado hajalipakia. Nikampa leso. Nilimpa mimi mwenyewe, bila mshenga. Akafungua. Akalisoma jina langu, na uso wake ukafunguka namna ambayo sijawahi kuiona, hata kwenye ndoto za kiwandani.

Kisha akapitisha kidole juu ya jina. Akakitazama kidole. Kilikuwa na weusi.

Akaniuliza, taratibu sana, kama ile ni penseli.

Nikamweleza. Ni tahadhari tu. Binadamu hubadilika, na kama angeghairi, barua ingebaki safi, wala asingepata tabu. Nilikuwa nimemfikiria yeye. Nikamwonyesha kwamba hata kifutio nimembebea, kipya, kingali kwenye karatasi yake.

Akacheka. Akacheka mpaka akaegemea basi, mpaka watu wakageuka. Machozi yalimtoka, na nadhani mengi yake yalikuwa ya kicheko. Alipotulia akasema yeye ni fundi, na gauni lililoshikizwa kwa uzi wa muda hampelekei bibi harusi. Akasema angependa nimwulize siku moja kwa nini yeye haogopi. Nikasema nitamwuliza. Akangoja. Dereva akapiga honi.

Akachukua barua. Akachukua na kifutio. Akabeba begi lake, akapanda.

Imeniuma. Imeniuma sana, wala sikujua penseli inaweza kuuma mtu hivi.

Sasa ni saa kumi alasiri. Nimelala chali kitandani, jua liko ukutani. Basi litakuwa limepita Harrismith. Namwona amekaa dirishani, barua mapajani, nyasi zinapita kimya nje, mkono mmoja una kifutio na mwingine una kalamu. Atalifuta jina au atalipitishia wino? Natazama kwa makini, lakini kila anapoinamisha kichwa, nywele zinaniziba.

Kiprono amegonga mlango. Anajua yote, Mama Benedicta amemweleza, na yeye amemweleza Mama Benedicta. Hakunicheka. Akasema ameangalia: kesho saa tano kuna basi jingine la Cape Town, na nafasi zipo. "Bebea yeye kalamu, bana. Jumatatu uko mlangoni kwake. Nenda tu."

Ni kweli, basi lipo. Nimelipima jambo lenyewe kwa saa nzima, pande zote, kwa sababu ni hatari kubwa na mimi si mtu wa kukurupuka. Na hapo hapo nikakumbuka: Mzee Yeremia ana mpwa wake Cape Town! Huyo ndiye atakayekwenda. Atamsalimia Atuganile, atakula akikaribishwa, kisha atamwuliza kwa upole, bila kutaja jina la mtu, kama lile jina bado lipo.