Kuhusu Picha ya Kikombe Inayomnyamazisha Mume Wangu

Bukavu, Jumanne tarehe 10 Julai 1990. Asubuhi: ukungu mzito juu ya ziwa, jua limetoka saa nne na robo, vumbi la Julai.

Kwa Bwana Mkurugenzi wa Ukumbi wa Picha, Nguba

Bwana Mkurugenzi,

(Unisamehe, nilikuwa nimeandika "Citoyen", yaani Mwananchi. Mkono haujazoea kwamba siku hizi tumeruhusiwa tena kusema Bwana.)

Mimi ni Maman Apolline, mshonaji wa Kadutu, mke wa Adalbert. Ninakuomba kwa heshima uondoe ukutani picha iitwayo "Kikombe", iliyochorwa na Modeste, kabla ya Jumamosi tarehe 21, siku ya ndoa ya binti yetu Nsimire. Sababu nimezitoa katika daftari langu la kila siku, nazo ni hizi.

1. Udogo. Tarehe 26 Juni nilikuja kuipima kwa utepe wangu. Picha ina sentimeta 31 kwa 24. Ukuta wake una mita nne na nusu. Sisi Kadutu, kwenye ukuta kama huo, tungeegemeza vitanda viwili na kabati. Mlinzi wako, Papa Lucien, aliniambia, "Maman, usikaribie sana, utaigusa." Nikamjibu, "Nitagusa nini, papa? Kitu iko wapi?" Akasema nikae kwanza, kitu kitatoka polepole. Sikukaa.

2. Rangi. Ni kikombe cheupe juu ya meza nyeupe, na nyuma yake ukuta wa rangi ya maziwa. Mtu asiniambie kwamba Modeste hana rangi. Ndiye aliyechora simba kwenye mlango wa duka langu, na simba yule ana damu mdomoni, macho ya kijani na saa ya mkononi. Rangi anazo, ameamua kutunyima. Picha katika nyumba ya watu kazi yake ni kuwapa wageni neno la kusema. Mamba anamfuata mwindaji, wageni wanabishana atapona namna gani, na wewe unapata nafasi ya kumaliza kupika. Kikombe hakimfuati mtu.

3. Kazi ya mume wangu. Adalbert huita abiria wa malori ya kwenda Luvungi. Kwa miaka kumi na tisa sauti yake ilifika mpaka kanisani, na padri alikuwa akimngoja amalize ndipo aendelee na misa. Tarehe 14 Juni alimletea Papa Lucien mfuko wa mchele hapo ukumbini, akakaa kwenye benchi mbele ya "Kikombe" muda wa saa mbili. Tangu hapo anasimama kando ya lori, anasema "Luvungi" mara moja tu, taratibu, kama mtu anayetoa siri. Abiria wanasogea ili wasikie, na wakishasogea wanapanda. Lori lake linajaa kabla ya mengine. Wenzake wamekuja kunishtaki: "Maman, bwana yako anatuharibia kazi. Hata kelele hapige!"

4. Nyumbani. Kila jioni tulikuwa tukigombana juu ya chumvi ya mboga ya sombe, na jirani yetu Maman Eulalie alikuwa akileta kiti chake kusikiliza. Sasa Adalbert anakula, anasema "Iko muzuri," basi. Juma lililopita nililazimika kugombana peke yangu pande zote mbili, na upande wake ukashinda. Majirani wakadhani tumefiwa. Walikuja wanne kutupa pole, wakakaa kimya, na Adalbert akasema ni wageni wazuri kupita wote tuliowahi kupata.

5. Hili ndilo linaloninyima amani. Kwetu, baba anapomtoa binti yake husema kwa urefu: alivyozaliwa, alivyougua, alivyosoma. Akisema kifupi, wakwe wanaelewa kwamba amefurahi kumwondoa. Na wakwe zetu ni watu wa Mudaka. Katika ndoa yao iliyopita msemaji wao, Papa Barthélemy, alisema mpaka watu wakalala, wakaamka, wakamkuta bado yuko kwa babu wa pili. Nilimwomba Adalbert anionyeshe hotuba yake. Ilikuwa mistari miwili. Nilidhani ni anwani. Nsimire aliisoma, akaniuliza kama baba yake ana haraka. Alikuwa anacheka, lakini niliyaona macho yake.

Kwa hiyo, Bwana Mkurugenzi, ondoa picha. Ikishindikana, mwamuru Modeste aongeze mamba mmoja, lori lenye taa zinazowaka, na moshi. Nafasi ipo tele. Rangi nyekundu nitaleta mwenyewe. Kisha mume wangu aje, aitazame, apone.

Ninakuachia heshima zangu, pamoja na salamu kwa mke wako, watoto, karani wako, na Papa Lucien pia, ingawa alinisemesha kama mgeni wa mji.

Apolline M'Chirhulwire

N.B. Jumapili tarehe 22 Julai. Barua hii haijaondoka, kwa sababu karani wako aliniambia uko Minova mpaka kesho. Ndoa imefanyika jana. Papa Barthélemy alisema kwa saa moja na dakika hamsini. Kisha Adalbert akasimama, akamtazama binti yetu, akasema: "Huyu ni Nsimire. Asubuhi mukiona haimbi, mumuulize iko na nini." Akakaa.

Sijawahi kusikia watu mia tatu wakinyamaza namna ile. Mama mkwe alitoka kitini pake, akaja kumshika Nsimire mkono, hakumwachia mpaka chakula. Papa Barthélemy alikuwa na sehemu ya pili ya hotuba. Aliikunja akaitia mfukoni. 

Basi picha usiiguse. Ninaomba benchi refu zaidi tu, maana Alhamisi ninakuja na watu kumi na mmoja wa Mudaka, na Papa Barthélemy anataka kukaa karibu kabisa.

Yale maneno ya Adalbert nimeyahesabu mara nyingi: ni kumi. Nilipata usingizi saa tisa kasorobo usiku.