Begi Jekundu la Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji, kaka yake mama watoto, amepita asubuhi. Kazi yake ni kuongoza watu wanaopanda milima. Anatafuta mtunza vifaa wa kudumu, na atachagua kati yangu na jirani yetu fundi viatu. Jumamosi anakuja kuchukua begi jekundu aliloniachia nimtunzie mwaka jana. Nimemwambia lipo. Kweli lipo, kwenye kamba ya nguo, tangu mwaka jana. Jua limelinyonya hadi limekuwa rangi ya ufizi.

Miezi saba sina kazi. Hii naitaka mpaka inaniuma. Fundi viatu kazi anayo tayari, tena ana kiherehere.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata wazo: nitalitia rangi. Muuza rangi, mama mmoja wa miwani, ameuliza ni pamba au nailoni. Sikupenda kuhojiwa mbele za watu. Nikasema pamba.

Nimeliloweka kuanzia saa nne mpaka saa kumi. Beseni jekundu, mikono myekundu hadi viwikoni. Begi limetoka vilevile, safi kidogo tu. Inashangaza. Rangi imenipenda mimi?

Jumatano, 5 Machi
Nimerudi dukani, mikono mfukoni. Mama wa miwani kanielewa upesi. Nailoni inataka rangi yake, siki, maji ya moto sana, na kukoroga bila kuchoka. Nijaribu kwanza kipande kidogo. Sina kipande. Nimejaribu mwavuli wa mama watoto.

Jamani, nailoni! Maji yalikuwa mekundu kabisa. Nusu saa baadaye yakaanza kuwa maangavu, rangi yote imehamia kwenye kitambaa. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Nikatia soksi. Nikatia utepe wa nywele wa binti yangu. Sababu sina, nilitaka kuona tu.

Mama watoto ameuliza sufuria kubwa iko wapi. Nikasema sijaiona. Alikuwa anaitazama.

Alhamisi, 6 Machi
Begi halikuenea kwenye sufuria. Nimechemsha nusu, kisha nusu ya pili. Kukoroga nikasahau, maana nilikuwa nachunguza kama zipu nazo zinakunywa rangi. Hazinywi. Begi limetoka mabaka matupu. Fundi viatu amechungulia juu ya ukuta, akauliza leo tumechinja nini. Amenikera.

Jawabu limenijia nikiwa naoga: nyeusi hufunika kila kitu.

Ijumaa, 7 Machi
Nyeusi imekubali. Begi jeusi tii, hakuna baka hata moja. Nimelizunguka mara kumi kwa fahari. Mama watoto akasimama mlangoni, akaniuliza kaka yake anakuja kuchukua begi la rangi gani.

Nikakaa chini.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemwambia shemeji kwamba begi lake limeibwa, na kwamba nimemnunulia jingine jeusi, zuri kuliko lile. Akafungua mfuko wa ndani, akatoa kitambulisho chake cha zamani, kimejikunja kwa kuchemshwa.

Hakunifokea. Alisema kufifia kusingekuwa neno, vitu vyote vya mlimani hufifia, angelichukua hivyo hivyo. Lakini wekundu ule haukuwa urembo. Mwaka juzi aliteleza kwenye ukungu akavunjika mguu. Wenzake waliliona begi kwanza, ndipo wakamwona yeye. Alinipa mimi nilitunze kwa sababu mimi ni ndugu.

Nilijiona mdogo kuliko kisoda. Kazi kapewa fundi viatu. Mama watoto amekwenda kulala na binti yetu. Nimeingia bafuni, nikalia.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari usiku kucha. Kosa langu nimeliona: nilikosea rangi. Mtu anataka aonekane mlimani, mimi nampa nyeusi!

Sasa, jana shemeji aliondoka kwa hasira, akasahau koti lake la mvua kwenye kiti. Ni la rangi ya chungwa, ila mabegani limepauka kidogo. Kesho alfajiri ana safari, leo jioni atatuma mtu alifuate. Sitamwambia kitu, nataka kumshtukiza. Duka limefungwa, lakini rangi ya chungwa ni nyekundu na manjano tu. Nyekundu imebaki nusu pakiti. Manjano nimeiona jikoni, kwenye kopo la bizari.

Maji yameshachemka.